Ushauri: Sola ya shule ya bweni Singida, je, profoma hii inatosha?

Mwanabodi_SGD

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wenu kabla bodi ya shule haijasaini mkataba. Ni sekondari ya bweni, nje kidogo ya mji wa Singida. TANESCO ipo, fezi tatu, ila jioni umeme unakatika mara kwa mara na wanafunzi wanakosa prepo. Mahitaji:

– taa za tyubu za LED 60, wati 18 kila moja, saa 5 kwa siku (prepo na alfajiri)
– taa za ulinzi 10 za wati 30, usiku kucha
– kompyuta za mezani 20, saa 4 mchana
– mashine ya kudurufu mitihani, friji moja, ofisi na waifai
– pampu ya kuzamisha kisimani, kilowati 2.2, fezi tatu, kama saa 4

Profoma inasema: paneli 16 za wati 550, inveta moja ya kilowati 5 ya volti 48, betri 8 za jeli za volti 12 Ah 200, "pamoja na vifaa vyote vya ufungaji". Mkandarasi anadai itabeba vyote, na pampu juu yake. Ni kweli? Tupunguze wapi, tuongeze wapi?

Kilowati

Mkuu, haibebi. Aliyeandika profoma hiyo ameanza na idadi ya paneli. Shule ya bweni huanza na hesabu ya usiku, kwa sababu usiku ndio unaoua betri.

Tupige hesabu pamoja. Taa za prepo: 60 × 18 × 5 ni wati-saa 5,400, yaani uniti 5.4. Ulinzi: 10 × 30 × 12 ni uniti 3.6. Kompyuta na skrini yake ichukue wati 120, kwa saa 4 zote 20 zinakula 9.6. Kudurufu 2, friji 1.2, ofisi na waifai 2.4. Jumla uniti 24.2 kwa siku bila pampu. Za gizani ni taa zote hizo pamoja na kama 1.2 za friji na waifai, yaani 10.2.

Sasa tazama betri zao: 8 × 12 × 200 ni uniti 19.2 za kwenye karatasi. Jeli haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo mnazo 9.6. Inveta nayo inapoteza kama asilimia 10 njiani, zinabaki 8.6. Mnahitaji 10.2. Maana yake kila usiku mnavuka nusu, na siku ya mawingu hazijai mpaka jioni. Betri ya risasi, na jeli ni mojawapo, ikilala haijajaa siku nyingi, salfa inaganda kwenye sahani zake na ujazo haurudi tena. Mwaka wa kwanza utaona ziko sawa, halafu taa zitaanza kuzima saa nne, kisha saa tatu.

Chukua lithiamu aina ya LiFePO4. 10.2 ÷ 0.9 (hasara ya inveta) ÷ 0.8 (unaitumia asilimia 80, unabakiza 20) ni kama uniti 14.2. Betri 3 za volti 51.2 Ah 100 zinakupa 15.4. Hapo unapumua.

Paneli: kwa Singida weka saa 5 za jua kamili, toa robo kwa joto, vumbi, waya na inveta. 24.2 ÷ 3.75 ni kilowati 6.5, yaani paneli 12. Funga 14 kwa ajili ya miezi ya mvua. Inveta: kompyuta 2.4, taa 1.1, kudurufu 1.5, vingine 0.5; vikiwaka pamoja ni kilowati 5.5. Ya kilowati 5 imeshazidiwa kabla pampu haijaguswa. Chukua ya 8.

Na kabla ya yote hayo, fikirieni kubadili kompyuta za mezani ziwe laptopu za wati 45. Zinashuka kutoka uniti 9.6 hadi 3.6. Hizo uniti 6 ni kazi ya paneli karibu 3 kila siku.

MafundiWaMaji

Nakazia suala la pampu, maana hapo mkandarasi amewapotosha waziwazi. Inveta moja ya kilowati 5 ya aina hiyo kwa kawaida hutoa fezi moja. Mota yenu ni ya fezi tatu. Haitazunguka. Na hata ingekuwa ya fezi moja, mota ya kuzamisha inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida, inveta ingekata papo hapo na kompyuta zote zingezimika.

Pampu ya sola huendeshwa na inveta yake ya pampu yenye paneli zake. Inaanza taratibu na kufuata nguvu ya jua, haihitaji betri; maji yakishapanda kwenye tangi ndiyo akiba yenyewe. Lakini soma kibao cha mota kwanza. Mota ya volti 380 inataka kama volti 540 za DC. Paneli ya wati 550 inatoa kama volti 41 ikifanya kazi, na ikipata joto juu ya bati inashuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Kwa hiyo unahitaji paneli 14 au 15 mfululizo ili tu kufikia volti, ingawa kwa nguvu 6 zingetosha. Hiyo ni pesa inayolala juu ya bati. Mota ya volti 220 ya fezi tatu inataka paneli 8 tu, ukihakikisha kikomo cha inveta yake ni volti 450.

Ushauri wangu: umeme wenu unakatika jioni. Basi iacheni pampu kwenye LUKU isukume mchana, ongezeni simtanki la lita 10,000 juu ya mnara, wekeni boya la kuzima tangi likijaa na kihisi cha kuzima maji yakipungua kisimani. Mota ya kuzamisha ikizunguka bila maji inaungua haraka sana, maana maji ndiyo yanayoipoza. Sola ya pampu ije siku mota hii itakapochakaa, mkanunua ya volti 220.

Mabati30

Paa. Paneli moja ya saizi hiyo ni karibu kilo 28. 14 ni kama kilo 390 bila reli. Kenchi nzima inabeba, iliyoliwa na mchwa haibebi, kwa hiyo fundi apande darini aangalie kabla ya kuagiza chochote. Skrubu za miguu ya reli ziingie kwenye papi au kenchi. Ukifunga kwenye bati peke yake, hasa la geji 30, upepo wa Singida utainua paneli na bati pamoja. Acha nafasi ya sentimita 10 chini ya paneli hewa ipite.

Upande wa kaskazini ndio bora huko kwetu kusini mwa ikweta, mwinamo nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Paa likitazama mashariki na magharibi si balaa, ila msururu mmoja (paneli zilizofuatana kwenye waya mmoja) usivuke kipeo cha paa. Mashariki iwe MPPT (kiingilio cha paneli kwenye inveta) ya kwanza, magharibi ya pili. Na mnara wa tangi usitie kivuli saa nne hadi saa kumi.

Mwanabodi_SGD

Asanteni sana wakuu, hii ni darasa tosha. Maswali mawili yamebaki. Tutajuaje paneli si feki zikifika? Na je, umeme ukizidi mchana tutauuza TANESCO ili LUKU ishuke?

Breka_DC

Kwanza feki. Kupima volti peke yake hakutoboi siri, paneli dhaifu nayo hutoa volti nzuri. Saa sita mchana jua likiwa wazi, unganisha chanya na hasi za paneli moja, pima mkondo kwa mita ya kubana inayosoma DC. Ya wati 550 inatoa kama ampia 13 hadi 14. Ukiona 9, irudishe. Ukimaliza funika paneli kwa turubai kabla ya kutenganisha, la sivyo cheche itaunguza viunganishi. Pima pia kwa futi: 550 halisi ni karibu mita 2.28 kwa 1.13. Kibao kinachosema 550 kwenye paneli ya mita 1.7 kinadanganya.

LUKU: kutuma umeme kwenye gridi kunataka kibali na mita ya pande mbili. Bila hivyo, baadhi ya mita za malipo ya kabla husoma umeme unaotoka kana kwamba mmeutumia, na uniti zinakwisha. Fundi aweke inveta isitume kabisa, na kihisi cha mkondo kifungwe kwenye waya unaoingia toka mita, mshale wake ukielekea upande sahihi. Kikigeuzwa, inveta inafanya kinyume.

Sasa mambo ambayo "vifaa vyote vya ufungaji" huficha. Dai yaandikwe moja moja:

Breka za paneli ziwe za DC. Ya AC inategemea mkondo kupita sifuri ili kuzima cheche. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea mpaka boksi linawaka.

Paneli 7 kwa kila msururu, misururu 2. Volti ya wazi (paneli ikiwa haijabeba mzigo) ni kama 50 kwa paneli, hivyo 350. Ukimwachia fundi aweke 10 kwenye inveta ya kikomo cha volti 500, asubuhi ya baridi ya Julai volti zinapanda kupita kikomo na inveta inakufa. Dhamana haiwagusi hapo.

Waya wa betri: kilowati 8 kwa volti 48 ni karibu ampia 167, na ukiweka hasara ya inveta ni kama 185, kwa hiyo milimita za mraba 70, na fyuzi ya DC ya ampia 200 hadi 250 karibu kabisa na betri. Waya za betri zote 3 hadi kwenye baa (kipande cha chuma zinapoungana) ziwe na urefu sawa, vinginevyo moja inafanya kazi ya zote.

Viunganishi vya paneli viwe vya kampuni moja dume na jike. Vya kampuni tofauti huingiana, kisha hupata joto na kuyeyuka.

DB (boksi la breka) ya sola iwe na nyutro yake peke yake. Na muulize fundi: TANESCO ikikatika, nyutro na ethi zinaungana wapi? Kama inveta haiunganishi, breka ya kuzuia shoti ya mwili haitakata mwanafunzi akishikwa na umeme. Akikosa jibu, tafuteni fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA.

Kilowati

Naongeza malipo: msitoe yote mbele. Acheni sehemu ya mwisho ilipwe baada ya jaribio la usiku mzima. TANESCO izimwe kwenye mein swichi saa kumi na mbili jioni betri zikiwa zimejaa, prepo iendelee, taa za ulinzi ziwake mpaka kucha. Saa kumi na mbili asubuhi betri zisome si chini ya asilimia 20. Hilo liandikwe ndani ya mkataba kabla ya sahihi.