Eti "hapa pana wenyewe"??? Wakuu kriketi mimi basi tena

Wakuu nimetoka uwanjani sasa hivi hata viatu sijavua. Yule jamaa wa jukwaani mnamjua, yule wa koti la kung'aa na redio kiunoni, simtaji, aliyewahi kukanyaga pale anamjua.

Nimelipa tiketi hela ambayo kwenye soka naingia mechi tatu na nauli inabaki. Nafika, kiti kiko juani, nyuma ya nguzo, na njiwa ameshakigeuza choo. Mpigaji simwoni, namwona mrushaji tu anakuja mbio anapotelea kwenye nguzo, nasubiri kelele nijue kama wiketi imeanguka, yaani mpigaji katolewa, na kelele zenyewe za nani wakati wachezaji walikuwa wengi kuliko sisi watazamaji! Nikaona jukwaa la kivulini jeupeee, nikahamia. Haijaisha hata ova moja, mipira 6 tu wakuu, huyo hapo: "Wewe toka, hapa pana wenyewe."

WENYEWE WAPI? Kushoto viti, kulia viti, nyuma njiwa wawili. Pana wenyewe! Akaita na mwenzake kwa redio, nikatolewa kama mwizi, na hayo ndo yalikuwa makofi makubwa ya siku nzima.

Halafu mtangazaji analia kwenye spika eti vijana wameikimbia kriketi. Wakae wapi sasa, si pana wenyewe?

Kapelo Nyeusi: Kwa hiyo ulikata tiketi ya juani ukakalia ya kivulini, unatolewa unatuletea uzi. Mkuu wewe ndo tatizo 😂

Bibi Rimoti: Bora wewe umetolewa na mtu, mimi nimetolewa na king'amuzi. Hata huko Uingereza kwenyewe Ashes ya 2005, ule mpambano wao na Australia, watu waliiangalia laivu bure, msimu uliofuata mechi zikahamia chaneli ya kulipia, sasa mtoto ataipendea wapi

Mchovu wa Jioni: hivi kriketi ndo ile ya farasi?

Kapelo Nyeusi: Hiyo polo.

Mzee wa Ova: Vijana mnalalamika mechi ya kriketi ya siku 5 ni ndefu. 1939 Durban Afrika Kusini na Uingereza walianza mechi isiyo na kikomo, siku ya 10 wakaikatisha bila mshindi maana Waingereza walikuwa na meli ya kuwahi. Fikiria ungelipia hiyo

Mchovu wa Jioni: 😂😂 siku kumi halafu sare? Bora farasi

Mzee wa Ova: Ila Kenya 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Sri Lanka kapigwa Nairobi. Siku hizo hata wasiojua bati la kupigia mpira walikuwa wachambuzi

Bibi Rimoti: Na kifurushi kikiisha kinaisha ova ya mwisho, kinaotea kabisa

Kapelo Nyeusi: Bibi cha kwako kinafika ova ya mwisho? Changu kinakata wakiwa bado wanarusha sarafu

Mwanzisha uzi: Wakuu turudi kwenye mada jamani, yule jamaa kaniambia pana wenyewe

Bibi Rimoti: Mkuu kaa pembeni, uzi una wenyewe.

Mchovu wa Jioni: nimegugo, kwenye polo farasi anabadilishwa katikati ya mechi. Hao wanalipwaje?