Tupeane uzoefu: Msamiati wa kitaaluma wa kuchambua fasihi na kuandika insha za Kiingereza

Kalamu Nyekundu:
Wadau, tukusanye hapa mbinu za msamiati wa somo la Kiingereza, yaani maneno ya kuchambulia fasihi na ya kuandikia insha. Wapo wanafunzi wanaosoma hadithi, wakaielewa na kuisimulia kwa ufasaha, kisha insha ikarudi na nusu ya alama. Kiingereza wanacho, ila maneno ya kazi ndiyo hawana. Leteni hatua na mifano, na mseme pia mambo yanaharibikia wapi.

Mtahini:
Naanza na vitenzi vya swali, maana alama nyingi hupotelea hapo kabla hata sentensi ya kwanza haijaandikwa. "Describe" inataka useme kitu kilivyo. "Explain" inataka sababu au namna. "Analyse" inataka ukigawe kitu vipande, uoneshe kila kipande kinachangia nini kwenye maana. "Contrast" ni tofauti peke yake. "Evaluate" inakudai uamuzi, pamoja na vigezo ulivyotumia kuamua.

Kabla ya kuandika, pigia mstari kitenzi, zungushia duara kinachochambuliwa (mhusika, mandhari au lugha), kisha andika pembeni kwa maneno yako swali linataka nini. Dakika mbili zinatosha.

Kosa kubwa ni kusimulia hadithi upya wakati swali limesema "analyse". Jipime hivi: kama sentensi yako ingeweza kuandikwa na mtu aliyehadithiwa tu, bila kukiona kitabu, huo ni muhtasari.

Msomaji wa Usiku:
Kweli kabisa, Mtahini. Mimi naongeza maneno yanayochanganywa, na kubwa kuliko yote ni "topic" na "theme". Mada ni neno moja au mawili: usaliti, umaskini. "Theme" ni kauli kamili kuhusu mada hiyo, mfano kwamba siri ya usaliti humtesa aliyeificha kuliko aliyesalitiwa. Anayeandika "The theme is betrayal" ametaja mada tu. Tuliosoma fasihi ya Kiswahili tumezoea kuorodhesha dhamira kwa maneno mafupi, na mazoea hayo tunahamia nayo kwenye Kiingereza.

Ili kuirekebisha kauli yako, ondoa majina ya wahusika uone kama bado inasimama. Kisha itafutie matukio mawili ya kuiunga mkono, moja likiwa karibu na mwisho, kwa sababu mwisho wa hadithi mara nyingi hupindua kile ambacho mwanzo uliahidi. Epuka "always": tukio moja la kinyume linatosha kuiangusha kauli nzima.

"Tone" ni mtazamo wa msimulizi kwa anachokisimulia. "Mood" ni hali inayomwingia msomaji. Mambo haya mawili yanaweza kwenda kinyume. Msimulizi akielezea mauaji kwa sauti tulivu, ya mtu anayehesabu vyombo, "tone" ni tulivu lakini "mood" inatisha, na pengo hilo ndilo la kuandikia aya yako. Msisahau pia kwamba "narrator" si "author".

Kalamu Nyekundu:
Vizuri. Na mwanafunzi akishaitambua tashbihi, anaendeleaje? Wengi hukwama hapo.

Mstari kwa Mstari:
Tuchukue sentensi ya kubuni: "The gate closed behind her like a mouth." Wengi huandika "The writer uses a simile to make it interesting" wakaishia hapo. Sentensi hiyo inafaa tashbihi yoyote duniani, kwa hiyo haina alama. Taja tamathali, nukuu maneno machache, sema ulinganisho unaongeza maana gani, kisha uunganishe na hoja yako: "The simile 'like a mouth' turns the gate into something that swallows, which suggests that she may not get out."

Vitenzi vya kuanza navyo ni "suggests", "implies", "reveals", "emphasises" na "portrays". Usivibadilishane ovyo. "Reveals" ni ya jambo lililokuwa limefichika. "Emphasises" ni ya jambo ambalo tayari limeshaonekana. "Proves" mara nyingi ni nzito mno kwa tafsiri ya mstari mmoja. Na mwandishi ndiye "implies", msomaji ndiye "infers".

Kuhusu nukuu: futa alama za nukuu, usome sentensi yako kwa sauti. Isipotiririka kisarufi, nukuu imebandikwa tu. Matukio ya hadithi yaandikwe kwa wakati uliopo: "she enters", si "she entered".

Daftari la Maneno:
Kwa maneno ya jumla ya kitaaluma, orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000 bado inafaa sana. Ina familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yake), zilizogawanywa katika makundi 10 kwa kufuata wingi wa matumizi, kwa hiyo anza na kundi la kwanza. Tahadhari: orodha hiyo haikuundwa kwa ajili ya fasihi, hivyo istilahi kama "metaphor" ziandalie daftari lake.

Maneno 8 kwa wiki yanatosha. Kila neno liandikie familia yake, mfano "analyse", "analysis", "analytical", na wenzi wake, yaani maneno linaloandamana nayo, mfano "make a claim", "support a claim", "draw a conclusion". Yatamke pia, kwa sababu mkazo unahama: silabi ya kwanza kwenye "analyse", ya pili kwenye "analysis", ya tatu kwenye "analytical". Rudia siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21, kila mara kwa sentensi mpya kuhusu kitabu mnachosoma. Kukariri maana peke yake humwacha mtu akilitambua neno bila kuweza kulitumia.

Mtahini:
Ongezea hapo "evidence". Kama nomino haina wingi, kwa hiyo "evidences" na "an evidence" ni makosa. Ukitaka kuhesabu, andika "two pieces of evidence".