Patisheni ya E inarudi kila Windows ikijisasisha: mountvol, NoDrives au diskpart?

Kijana wa Tandika
Wakuu, heshima kwenu. Nina laptopu ya mtumba, Windows 10. Kuna C, kuna D yenye mafaili yangu, halafu kuna E, patisheni (kipande cha diski) ya MB 450 ambayo sikuitengeneza mimi. Mstari wake mwekundu, na kila mara linachomoza tangazo kuwa nafasi imekwisha. Nikiifungua, tupu! Fundi aliiondoa nikamlipa. Wiki tatu baadaye mashine ikajisasisha usiku, asubuhi E hiyo hapo inanichungulia. Nimesikia kuna mountvol, NoDrives na diskpart. Ipi inadumu, na ipi itaniulia kompyuta? Tasnifu yangu imo humo. Nawasilisha.

Mzee wa Bodi
Mkuu, hiyo ni patisheni ya urejeshi, ndiyo inayofufua Windows ikigoma kuwaka. Si tupu, mafaili yake yamefichwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mountvol, amri inayoiondolea patisheni herufi yake:

mountvol E: /D

Imeisha hiyo. Disk Management, dirisha la Windows la kupangia diski, usihangaike nayo, ukibofya kulia pale mara nyingi utaambulia Help tu.

Kijana wa Tandika
Hiyo hiyo ndiyo aliyofanya fundi, mzee wangu.

Binti Mvita
Mimi nilienda na NoDrives, mpangilio unaoficha herufi za diski, kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya Policies\Explorer. Hesabu yake: A ni 1, B 2, C 4, D 8, E 16, yaani inazidi maradufu. Kuficha E unaweka 16 ya desimali, unatoka na kuingia tena. Kweli ilipotea machoni, lakini ni pazia tu: ukiandika E: kwenye upau wa anwani waingia kama kawaida.
Kilichonikera ni hiki. Siku moja ile patisheni ikapoteza herufi, nikachomeka flashi, nayo ikapewa E. Taa yawaka, mlio wa kuchomeka nausikia, flashi siioni. Nusu siku nzima nimeilaani bure, mpaka nikakumbuka ile 16 niliyoiweka kwa mkono wangu. Na kumbuka yaficha kwa akaunti yako pekee, akiingia mtu mwingine aiona.

Fundi Nyundo
Hamjagusa mzizi. Herufi haikai kwenye patisheni, inakaa kwenye kumbukumbu za Windows. Mountvol inafuta kumbukumbu hiyo. Sasisho kubwa ni kama kusimika Windows upya, linakagua diski na kugawa herufi tena. Toleo la 1803 la mwaka 2018 lilivuma kwa jambo hili hili.
Kinachodumu ni alama iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Ingia diskpart, programu ya amri ya kupangia diski, andika list disk. Ukiona nyota chini ya Gpt (mtindo mpya wa kugawa diski), endelea:

list volume
select volume 3
detail partition

Hiyo 3 ni mfano, weka namba yako. Hapo kwenye detail simama, soma ukubwa. Kama si MB 450, toka! Aina ikianza na ebd0a0a2, imeandikishwa kama patisheni ya data ya kawaida, ndiyo maana inapewa herufi. Basi:

remove letter=E
set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001

Mstari wa pili unaiita urejeshi. Ile 8 ya mwanzo kwenye wa tatu inasema isipewe herufi yenyewe, na 1 ya mwisho inasema ni ya lazima, isifutwe hovyo. Kama hakuna nyota, diski ni MBR, mtindo wa zamani: baada ya remove unaandika set id=27 tu. Tasnifu nakili kwenye flashi kwanza, diskpart haiulizi mara mbili.

Chuma Chakavu
Mbona mnazunguka? Ifute, MB 450 za nini?

Fundi Nyundo
Usithubutu kabla ya reagentc /info, amri inayoonyesha urejeshi wa Windows uko patisheni ipi. Ikitaja namba ya patisheni hiyo, ndiyo inayotumika. Ikitaja nyingine, hii ni masalia ya sasisho la zamani, hapo tunaweza kuongea. Januari 2024 wengi walikwama na sasisho la KB5034441, kosa 0x80070643, kwa sababu tu patisheni ya urejeshi ilikuwa finyu. Sasa wewe usiye nayo kabisa?

Kijana wa Tandika
Mrejesho, wakuu. Kwangu ilikuwa volume 4, MB 450 kamili, aina ebd0a0a2 kama alivyosema Fundi. Reagentc imeitaja hiyo hiyo, kwa hiyo sikufuta. Mikono ilitetemeka pale kwenye set id, nakiri. Nimewasha upya: E hakuna, tangazo hakuna. Nimelazimisha sasisho lililokuwa linasubiri, bado hakuna. Kubwa lijalo nitawajuza.
Ila nimechomeka flashi sasa hivi, imejiita E. Moyo ulishtuka.

Binti Mvita
Hahaa! Angalau yako waiona.