Naomba ushauri: ualkali wa tangi la matumbawe hauinuki (Tanga)

Bint_Raskazone

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina tangi la maji ya bahari la lita 200 hapa Raskazone, lenye vipande 14 vya matumbawe nilivyoachiwa na jirani aliyehama, ambaye alikuwa akiviotesha mwenyewe tangini kwa miaka kadhaa. Yale laini hayana shida. Yale magumu ya matawi ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa sababu tangu masika yaanze ncha zao zimeacha kukua, na kwa wiki mbili sasa nyama imekuwa ikiachia mfupa kuanzia shinani, kiasi cha upana wa ukucha.

Vipimo vya jana usiku ni hivi: uzito wa maji ya chumvi 1.021 (ukilinganishwa na maji matamu, ambayo ni 1), joto nyuzi 27, kalsiamu miligramu 440 kwa lita, magnesiamu 1,030, na ualkali, yaani akiba ya kaboneti iliyomo majini, digrii 5 za kipimo cha dKH. Maji huyachota ufukweni kila Jumamosi, na yale yanayopotea kwa mvuke, yapata lita 3 kwa siku kwa ajili ya feni, huyafidia kwa maji ya bomba niliyoyalaza usiku kucha. Kwa kuwa nimesoma kwamba mfupa wa tumbawe ni chokaa, nimekuwa nikitia unga wa kloridi ya kalsiamu kila siku.

Juzi nilitaka kuinua ualkali, nikatia kijiko cha magadi yaliyosagwa. Maji yaligeuka meupe kama tui kwa saa mbili, na asubuhi nikakuta pampu imeshika ukoko mgumu mfano wa ule wa ndani ya birika. Nilipopima, ualkali ulikuwa umeshuka kutoka 5.6 hadi 5. Nimekosea wapi?

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu, kabla ya kemia tulitazame dumu lako. Wakati wa masika mto Zigi unashuka na maji mengi, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hutanda juu ya maji ya chumvi badala ya kuchanganyika nayo mara moja. Ukiinama ufukweni ukachota juu juu, unachota bahari iliyozimuliwa. Ngoja maji yajae, mwombe mvuvi wa ngalawa akutoe nje, kisha zamisha dumu likiwa limefungwa mpaka urefu wa mkono, ndipo ulifungue. Na tafadhali usijazie pengo la tumbawe lililokufa kwa kuokota jingine mwambani, maana kukusanya matumbawe ni kosa kisheria, na miamba yetu ya Tanga imekwisha kuumizwa vya kutosha na baruti.

Mpima_Maji

Shikamoo mzee Nahodha, umegusa penyewe. Dada, ukizitazama namba zako kwa pamoja utaona zinaeleza jambo moja. Uzito wa 1.021 ni sawa na takriban gramu 28 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ilhali bahari ya kawaida ina 35, yaani wewe una sehemu nne kati ya tano. Magnesiamu ya bahari ni kama 1,290. Chukua sehemu nne kati ya tano, utapata 1,032, ambayo ndiyo uliyoipima. Kwa hiyo huna upungufu wa magnesiamu, una upungufu wa bahari. Kwa hesabu hiyohiyo kalsiamu yako ingepaswa kuwa karibu 330. Hiyo 440 inayopendeza machoni imetokana na unga.

Sasa ualkali. Tumbawe linapojenga mfupa hutumia kalsiamu na kaboneti kwa uwiano usiobadilika: kila linapotwaa miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, ualkali hupungua digrii 2.8. Kupungua kwa 20 katika 420 huonekana kwa shida hata kwa kipimo kizuri, lakini kupungua kwa 2.8 katika 8 ni theluthi nzima. Ndiyo maana ualkali ndio unaopaswa kupimwa kila jioni, saa ileile, na kalsiamu mara moja kwa wiki yatosha. Ulikuwa ukiongeza kilichopo na kukiacha kinachokwisha.

Kuhusu magadi, naomba usiyarudie kabisa. Yana kaboneti ya sodiamu, ambayo hupandisha pH kwa ghafla pale inapoangukia, na mara nyingi magadi yetu huwa pia na floridi. Magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti visishikane hovyo majini. Yako ikiwa chini na kalsiamu ikiwa imerundikana, ile tui uliyoiona ilikuwa ni chokaa ikiganda mbele ya macho yako, na ukoko wa pampu ndio ualkali wako uliopotea.

Acha kloridi ya kalsiamu kuanzia leo. Kwa wiki mbili hivi, lita 3 zinazopotea kila siku zifidie kwa maji mazuri ya bahari badala ya maji matamu. Chumvi itapanda pole pole, kama nusu gramu kwa siku, nayo magnesiamu itapanda pamoja nayo. Kalsiamu huenda ikagusa 500, usishtuke, itashuka yenyewe. Chumvi ikifika 1.026, chora mstari kwenye kioo pale maji yalipofika na urudi kufidia kwa maji matamu, ila yawe yaliyochujwa kwa mashine ya maji ya kunywa, kwa kuwa ya bomba yana klorini.

Kijana_wa_Ngamiani

Mimi ningenunua unga wa magnesiamu nimalize kazi kwa siku moja.

Mpima_Maji

Hapana, ndugu yangu. Akiitia sasa, chumvi itakapopanda atajikuta na magnesiamu iliyopita kiasi, na matumbawe yaliyodhoofika huumizwa na mabadiliko ya ghafla kuliko namba yenyewe.

Bint_Raskazone

Nashukuruni sana, na mzee shikamoo. Je, ualkali niuinue kwa kitu gani, na kwa kiasi gani?

Mpima_Maji

Bikaboneti ya soda iliyo safi, na soma pakiti vizuri, isiwe ile ya kuumulia keki iliyochanganywa na wanga na asidi. Gramu 6 huinua digrii 1 katika lita 200. Wewe tia gramu 3 kwa siku, uzikoroge kwanza katika nusu lita ya maji yaliyochujwa mpaka ziyeyuke zote, kisha umimine kidogo kidogo pale pampu inapotoa mkondo. Ukifika 8, tafuta kiasi kinachoushikilia hapo, na usikibadilishe bila kupima.

Bint_Raskazone

Narudi baada ya siku 18. Chumvi 1.026, magnesiamu 1,280, kalsiamu 495, ualkali 7.7. Pampu niliichovya katika siki na maji, ukoko ukatoka wote. Vipande viwili sikuviokoa. Kwa vilivyobaki nyama imesimama palepale ilipokuwa imefika, na jana usiku, nikiwa na tochi, niliona kwenye tawi moja ukingo mwembamba wa rangi ya zambarau ukiufunika mfupa mweupe. Naendelea na gramu 2 kwa siku.