Naombeni ushauri: "Hochsommer" niiandikeje kwenye barua ya usharika?

Mwanauyole: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Usharika wetu hapa Mbeya umepata barua ya marafiki wa Ujerumani, nami nimepewa kuitafsiri isomwe Jumapili. Wanasema watakuja "Hochsommer", yaani majira yao ya joto yakiwa yamepamba moto. Kamusi yangu ya zamani inanipa "chaka". Nikiandika "watafika wakati wa chaka" nitaeleweka? Kamati ya mapokezi itapanga malazi kwa kufuata barua hii, sitaki kubahatisha.

Mtanga_Asilia: Chaka ni neno halali kabisa, ndugu yangu, na inasikitisha kwamba linapotea. Ni joto la Kaskazi linapofika kileleni, Desemba mpaka Februari, usiku hata shuka huitaki. Ila lina miezi yake. Mtu wa pwani ukimwambia wageni wanakuja chaka, atawangoja Januari.

Mwalimu_Kalenga: Na huku juu ndiyo usijaribu. Januari sisi tuko kwenye masika, watu wanapalilia mahindi matopeni. Halafu vijana wetu chaka wanalijua kama kichaka tu. Watadhani wageni wanafikia porini.

"Katikati ya kiangazi" nayo usiiache hivihivi. Kiangazi chetu ni ukavu, si joto. Mvua zikikata Mei, Juni na Julai baridi inauma kwelikweli. Joto lenyewe tunalipata Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Jua linapita utosini hapo Mbeya katikati ya Oktoba. Mjerumani akisema Hochsommer anawaza Julai na Agosti. Yeye anaogelea ziwani, wewe umejikunyata na koti.

Kijana_wa_Mafinga: Mwalimu, si ndiyo ile Midsummer ya Waingereza?

Mwalimu_Kalenga: Hapana, mwanangu. Midsummer Day yao ni Juni 24, sikukuu ya kuzaliwa Yohana Mbatizaji, siku chache tu baada ya ile siku ndefu kuliko zote kule kaskazini. Joto lenyewe linachelewa kwa sababu ardhi na bahari huchukua wiki kadhaa kupata moto. Hochsommer ni hilo joto la baadaye.

Parachichi_Njombe: Dada au kaka, andika "joto likiwa kali kwao Ulaya, mwezi Julai au Agosti", kisha waombeni tarehe. Na kwenye majibu wasisitizieni masweta na soksi nzito. Mgeni anayeaga nyumbani kukiwa na joto hawazi kabisa kwamba Afrika kuna baridi. Huku kwetu Julai kuna asubuhi unaamka sakitu imetanda nyeupe kwenye majani, viazi vimeungua. Kama wanataka kuona maua ya Hifadhi ya Kitulo, waambieni mapema kwamba yanachanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Julai watakuta nyasi kavu na upepo.

Mwanauyole: Ahsanteni sana, nawashukuru kwa dhati. Nimeandika hivi: "Marafiki zetu watafika Julai au Agosti, ambapo kwao ni majira ya joto kali na kwetu ni kipindi cha baridi." Mzee wa usharika ameisoma, swali lake la kwanza likawa mablanketi yako mangapi.

Parachichi_Njombe: Hapo sasa barua imefanya kazi. Mawili kwa kila kitanda, na maji ya moto ya kuoga.