Bibi analala kwenye baraza la duka tunalouzia Kariakoo: nimsaidieje bila kukosana na bosi?

BintiUyui:

Wakuu, habari za jioni. Nauza kwenye duka la madira na vitenge hapa Kariakoo, duka si langu, nimeajiriwa. Kuna bibi, kwa kumwangalia umri unakimbilia sabini, analala kwenye baraza letu tangu kabla ya masika. Tukifika kufungua anakuwa ameshaamka, boksi lake amelikunja na kulichomeka nyuma ya jenereta, na alipolala pamefagiliwa. Nasema ukweli, anafagia kumshinda kijana wetu wa dukani.

Si mtu wa kunyoosha mkono kila saa. Ijumaa ndiyo anatoka na wenzake kupita maduka ya Wahindi kule Kisutu wanakogawa sarafu, siku nyingine anakaa tu upande wa kivuli. Mimi huwa nampa chai na chapati. Chapati anailoweka mpaka inalainika kabisa ndiyo anakula, na chai lazima itiwe kwenye kikombe chake cha bati. Nilimletea kwenye kikombe cha mama lishe akakataa. Akasema, "Wakiniona nimenywea hapo hawatarudi kununua kwake, mwanangu."

Sasa kilichonileta. Bosi anasema namzoesha, wateja wanaona kinyaa, kesho baraza zima litajaa. Kamwambia mlinzi amwondoe, mlinzi anapiga chenga. Halafu juzi bibi kanipa bahasha nimtunzie, imefungwa kwa uzi wa kitambaa. Ndani kuna kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki na karatasi yenye namba za simu. Anasema usiku wanamsachi. Wenzangu wakaniambia rudisha, hujui kina nini ndani, utabeba mikosi ya watu. Nimeipokea, ila roho haijatulia.

Na hela je? Mishahara ya dukani Kariakoo mnaijua. Nimpe taslimu, niendelee na chai, au kuna namna nyingine? Mlinzi anasema pia kikohozi chake cha usiku kimezidi.

Matusi hapana, ushauri ruksa.

Kobe wa Temeke:

Dada, moyo unao, ila mji huu unaujua? Mimi nilimchangia mtu nauli ya Kigoma pale Mnazi Mmoja. Baadaye namkuta palepale, na Kigoma ni ileile. Mwaka 2016 mkuu wa mkoa alitangaza ombaomba waondoke mjini, mbona bado tunapishana nao? Wengine ni kazi yao. Bosi wako ana hoja, baraza ni lake na kodi ya fremu analipa yeye. Hizo namba za simu zipigie, ndugu zake waje wamchukue, yaishe.

Mama Chuchu:

Kobe, huyo bibi ameomba nauli wapi? Soma uzi kwanza.

Binti, mimi ni mama lishe, si mbali na hapo. Bibi yako hana meno ya nyuma, ndiyo maana analoweka. Achana na chapati, mpe uji wa lishe asubuhi, mchana wali maharage laini au ndizi za kupondwa. Hela ya mkononi kwa mtu anayesachiwa usiku unampa nani, bibi au wezi? Fanya hivi: ongea na mama lishe wako, muachie hela ya siku mbili tatu, unayoiweza. Kwangu watu wanafanya hivyo. Mtu anakula ya elfu mbili anaacha elfu tatu, "hiyo iliyobaki mpe yule babu". Sitangazi wala siandiki ukutani, babu akipita namwita kama mteja mwingine, anakaa benchi, anachagua samaki au maharage. Umeona hapo? Anachagua.

Na kikombe chake usimlazimishe kukiacha.

Dogo wa Kimara:

Kwani kwa nini usimrekodi video fupi ukaweka mtandaoni? Watu wangechanga mpaka angepangiwa chumba.

Mama Chuchu:

Bibi ambaye hataki hata kuonekana na kikombe cha mtu, wewe unataka nchi nzima imwone amelala kwenye boksi.

Mgeni wa Zamani:

Nilishalala nje, stendi ya Ubungo, kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi mwaka 2021. Nitasema ninachokijua, mtachukua kinachofaa.

Kila mtu anawaza chakula. Chakula ukizungukazunguka unapata. Kitu kinachokumaliza ni choo. Choo ni cha kulipia, na siku tumbo likichafuka unamaliza hela ya kula chooni. Mwanaume atajificha ukutani, sasa bibi wa watu atajificha wapi katikati ya Kariakoo? Atavumilia mpaka giza liingie, na ndiyo maana wengi wao hawanywi maji mchana, wanaugua njia ya mkojo. Ubungo kulikuwa na mama wa chooni akiniruhusu saa kumi alfajiri kabla wateja hawajaja, ndoo moja na kipande cha sabuni. Hiyo ndoo ndiyo iliyonipa kazi ya kupakia mizigo, kwa sababu mtu anayenuka habebeshwi mzigo wa mtu. Kwa hiyo BintiUyui, kama una buku mbili za wiki, nenda kwa anayekusanya hela chooni hapo jirani, mlipie bibi, sema nae vizuri. Huyo mtu ukimpata umemsaidia bibi kuliko chapati ya mwezi mzima.

La pili, bahasha. Mikosi gani? Mtu wa nje kila alichonacho kinaibiwa, hata viatu unavua unalalia kichwani. Kitambulisho changu kiliondoka mwanzoni kabisa. Siku hizi ni mbaya zaidi, laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na bila laini ndugu yako akitaka kukutumia hata elfu tano ataituma wapi? Huyo bibi amekupa kitu chake cha mwisho chenye thamani. Kitunze. Ila jilinde: mwite mlinzi awe shahidi, mfungue mbele ya bibi, mtaje kimoja kimoja, uandike kwenye karatasi, vifungwe tena kwenye nailoni visilowe. Mwambie vinakaa droo ipi na siku ukiwa likizo avidai kwa nani. Akivitaka hata saa moja baadaye mpe, usimuulize vya nini.

La tatu ni hilo baraza. Mnadhani kaliokota tu? Kuna taa na kuna mlinzi. Mwanamke wa nje analala pale ambapo akipiga kelele kuna mtu atasikia. Mkimhamisha hapo mnampeleka gizani. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea bosi, mambo ya huruma mwachie mwenyewe.

Kobe wa Temeke:

Mgeni, hapo kwenye choo umenishika. Ila bosi hataelewa hayo.

Mgeni wa Zamani:

Bosi anaelewa masaa. Bibi atoke kabla ya kufungua, arudi baada ya kufunga, boksi lisionekane mchana. Kwa maelezo ya uzi anafanya hivyo tayari.

Nkwimba wa Kahama:

Nimesita kuandika. Kobe kasema hizo namba zipigwe. Dada, usipige hata moja kabla bibi hajakuruhusu kwa mdomo wake. Kwetu Usukumani bibi akizeeka macho yakawa mekundu, kwa moshi wa kuni na samadi aliokaa nao jikoni maisha yote, linaanzishwa neno kwamba ni mchawi. Akifa mtoto wa jirani, au ng'ombe, wanamtazama yeye. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hayo, si hadithi, na mara nyingine nyuma yake kuna shamba ambalo kijana wa ukoo analitaka. Ndugu wa mama yangu alitoka kijijini usiku na kanga mbili. Leo ukimkuta mjini ukampigia simu "mwanawe", hujui unamwita nani. Muulize kwao ni wapi, kisha nyamaza. Akitaka atasema.

Nesi Mpenda Pilipili:

Nitaongelea kikohozi peke yake. Kikizidi wiki mbili ni lazima apimwe kifua kikuu, hasa kama amekonda au usiku anatoka jasho. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, na dozi ya kawaida ni miezi sita. Tafadhali usimnunulie amoksilini duka la dawa ukadhani umemsaidia, kinatulia kidogo halafu kinarudi na tumeshapoteza muda. Barazani kuna hewa, kwa hiyo msianze kumkimbia. Na hilo neno TB usilitamke dukani kabla ya majibu. Bosi akilisikia umemaliza kazi.

Hapo mlipo hospitali ya Mnazi Mmoja ni pua na mdomo. Kuna dirisha la wazee, waliotimiza miaka sitini hawapangi foleni na vijana. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wasio na uwezo watibiwe bure. Nitakuwa mkweli kwenu, kumuona daktari utamuona, dawa nyingine utaambiwa hazipo ukanunue nje. Jiandae kwa hilo.

Wanjiku Gikomba:

Wadau, niko Nairobi. Hapa sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 46,000, kwa hiyo sisi tulishazoea kuambiwa "utasaidia wangapi?" Mimi nauza mitumba, nasaidia mmoja, ni kijana. Pesa mkononi simpi kwa sababu ya gundi anayonusa, na hilo ni lake, si la kila mtu. Namlipia chapo madondo (chapati na maharagwe) kwa kibanda, akishiba ananipangia mabeli. Saa zingine hatokei na sidai sababu. Kitu naongeza tu: mwite kwa jina lake. Unajua jina lake, Binti?

Mtendaji Mstaafu:

Nimefanya kazi ngazi ya kata, naomba niwaelekeze njia rasmi. Anza serikali ya mtaa hapo ulipo, mjumbe amfahamu, mwenyekiti aandike barua ya kumtambulisha kwa afisa ustawi wa jamii. Kama hana wa kumtunza, zipo nyumba za wazee za serikali, kwa Dar ni Nunge, Kigamboni. Anapata kitanda, chakula na wenzake wa rika lake. Ila mchakato una nenda rudi, na yeye mwenyewe lazima akubali. Nimewahi kumshuhudia mzee aliyepelekwa bila kuulizwa, alitoroka akarudi mjini kwa miguu na pantoni. Kama anaweza kutembea, muombe mkapaone kwanza, pantoni ni safari fupi tu.

BintiUyui:

Asanteni sana, hata Kobe. Nimrudie kidogo Wanjiku: nilikuwa namwita bibi tu. Jina ninalo sasa, ila hapa sitaliandika.

Bosi nimemwendea na hoja ya Mgeni. Hakufurahi. Amesema mpaka mvua zikatike, na akimkuta mchana hata mara moja basi. Tumefungua bahasha mbele ya mlinzi na kuandika vilivyomo, iko droo ya chini pamoja na risiti. Namba za simu nimemuuliza, akasema "hizo za kupiga nikifa". Sijaendelea kuuliza. Nunge amecheka, akasema Kigamboni kuna mbu. Nitarudia siku nyingine.

Choo nimelipia. Mama wa pale amekataa hela ya wiki ya pili, anasema ya kwanza inatosha na mengine yeye anajua.

Sasa Nesi, nataka kumpeleka Jumamosi ndiyo nina nafasi, bosi ananiruhusu kuingia saa tano. Barua ya mtaa bado hatuna. Tutapokelewa?

Nesi Mpenda Pilipili:

Jumamosi utapata daktari wa zamu lakini majibu yatachelewa, omba ruhusa Jumatatu. Fikeni kabla ya saa mbili. Abebe kile kitambulisho na kadi ya kliniki. Wakiuliza barua, msigombane dirishani, ombeni kuonana na ustawi wa jamii wa hospitalini, yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa malipo kwa asiyejiweza. Makohozi ya asubuhi anapoamka ndiyo mazuri kwa kipimo, kwa hiyo pita kachukue kikopo cha maabara Ijumaa. Na wewe kula kabla ya kutoka, mtakaa.