Mkungu mzima wa matoke kwa watu wanne: mnafanyaje usiozee ndani?

Mke_wa_Kyaliwajjala
Wadau hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Uganda, tunakaa Kyaliwajjala. Mama mkwe yuko Masaka, na kila akipata mtu anayekuja Kampala hunitumia mkungu mzima wa matoke, mara nyingine na ovakado na zile ndizi ndogo tamu juu yake. Kumwambia apunguze siwezi, ukwe mnaujua. Sasa nyumbani tuko wanne tu, na mmoja bado ananyonya. Hatujafika hata nusu ya mkungu, maganda yashaanza unjano, na mume wangu matoke yaliyoiva hayagusi. Anasema si chakula, si tunda.
Viporo navyo ni shida: wali, posho (ugali wa huku), maharagwe. Friji letu dogo na umeme unakatika. Naombeni ushauri, ila tafadhali msiniambie nigawie majirani. Nao wanaletewa ya kwao.

Nalongo_Kireka
Nnyabo, karibu Buganda! Kwanza mkungu usiuegeshe jikoni mzima mzima. Ukifika tu, kata chane. Zile nene za juu, upande wa mkono wa mkungu, ndizo zilitangulia kutoka, kwa hiyo ndizo hutangulia kuiva. Pika hizo kwanza, ndogo za chini zitakusubiri. Ziweke kivulini panapopita hewa, na ovakado zikae chumba kingine kabisa. Tunda linaloiva hutoa gesi, nayo huharakisha yaliyo karibu.
Ndizi ndogo zikishakuwa na madoa meusi usisikitike, hapo ndipo zinafaa kwa kabalagala, vile vikate vya ndizi vya kukaanga. Menya, ponda kwa mkono hadi pasibaki bonge, kisha tia unga wa muhogo kidogo kidogo. Maji usitie hata tone, ndizi ina maji yake. Donge likiacha kunata vidoleni, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali utazibabua nje na ndani zibaki mbichi.

Mtoto_wa_Pwani
Dada, Mtanga mzima unauliza ndizi mbivu zipikwe vipi? Tui la nazi, iliki, sukari kidogo, futari hiyo! Shemeji akionja atanyamaza.

Mke_wa_Kyaliwajjala
Kaka, umeuliza bei ya nazi huku? Nazi zinasafiri kutoka Pwani, zikifika Kampala zinajiona bibi harusi. Lakini nimekusikia, Ijumaa nitapika.

Okello_G
Huku kaskazini posho ya jana haitupwi. Kata vipande bapa, kaanga na kitunguu na mafuta kidogo hadi pande zote ziwe na gamba, kula na chai. Au pasha mboga za majani, koroga na odii (rojo zito la karanga na ufuta zilizosagwa), hiyo posho utaimaliza bila kujua. Angalizo moja: karanga zikiwa na ukungu au zimekunjamana na kubadilika rangi, usiseme utazikaanga zipone. Sumu yake haiishi kwa moto. Tupa, na kuku pia usimpe.

Muuguzi_Jinja
Okello kasema kweli, sumukuvu haina mchezo. Niongeze kuhusu wali, maana watu wengi huogopa nyama tu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka. Wali ukilala kwenye sufuria mezani, wanaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata uupashe vipi haitoki. Kwa hiyo usingoje upoe hadi usiku. Utandaze kwenye sinia, na kabla ya masaa mawili kupita uwe kwenye friji. Kesho pasha mara moja tu, hadi utoe mvuke katikati.
Umeme ukikatika usifungue friji kuchungulia. Likibaki limefungwa hutunza baridi kwa muda wa kama masaa manne.

Nalongo_Kireka
Muuguzi, sisi tulikua bila friji. Maharagwe yanachemshwa usiku, yanachemshwa tena asubuhi, na tuko hai.

Muuguzi_Jinja
Sibishi kwamba mko hai, Nalongo. Ila kwa mwenye friji na mtoto mdogo sitamshauri hivyo. Dada, maharagwe yachemshe matupu, bila nyanya wala kitunguu, yagawe kwenye vibakuli, uunge kile cha siku hiyo tu. Yakitoa povu au uchachu, usionje ili kuhakikisha, mwaga. Kibakuli kikibaki, katia chapati ya jana, hiyo ni kikomando.

Mzee_wa_Bombo
Wanangu mmesahau mutere. Zamani matoke yakizidi yalimenywa yakiwa bado mabichi, yakakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya njaa. Unaweza kuyapika na maharagwe au kuyasaga ukapata unga wa uji. Kule Bushenyi serikali ilianzisha mradi wa kusindika matoke, unga wake unauzwa kwa jina la Tooke. Wazo la kukausha si geni.
Siri ni kuwahi. Ganda likishageuka njano, matoke yamepata sukari, hayakauki vizuri, yananata na kuvuta nzi. Hayo mpelekee Nalongo kwenye kabalagala.

Mke_wa_Kyaliwajjala
Mzee wangu shikamoo. Hili la mutere nimelipenda kuliko yote, kwa sababu hata mkwe akija atauona na kufurahi. Maganda nitampa jirani mwenye mbuzi (hilo jirani hakatai). Swali: huku mvua hainyeshi kwa ratiba, nitajuaje kama umekauka kweli?

Mzee_wa_Bombo
Marahaba mwanangu. Anika asubuhi kwenye mkeka ulioinuliwa, si chini kwenye vumbi. Wingu likitanda, ingiza ndani. Kisha chukua kipande kinene kuliko vyote, kikunje. Kikivunjika kwa mlio, tia kwenye debe lenye kifuniko. Kikipinda, rudisha juani, kwani kimoja chenye unyevu kitaleta ukungu kwa debe zima.